Kumkung'uta Tita Consing

Mkesha wa Tita Consing ulifanyika Antwerp, wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Krismasi, katika ukumbi wa kampuni ya mazishi uliofungwa saa mbili za usiku kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa mlangoni. Kwetu Iloilo, visiwani ng'ambo ya bahari, mkesha hauna saa ya kufunga. Watu hucheza karata, hutafuna mbegu za matikiti, husengenyana kidogo, na marehemu hulala pale katikati akiwasikiliza mpaka kuche. Huku mwenye ukumbi alisimama karibu na swichi ya taa, koti ameshalivaa. Wanawake wakafunika tambi zilizobaki, wakamalizia sala kwa haraka kidogo, wakatoka.

Jovelyn Palmares alitoka nao. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa maji, msichana wa Dumangas hukohuko Iloilo, mwenye ufadhili wa masomo na mtihani kesho yake asubuhi. Mvua iliyochanganyika na theluji ilimpiga usoni. Wenzake walielekea kwenye duka la chipsi la kona, maana mtu wa kwetu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja. Hupitia mahali, popote pale, akala kitu au akanunua hata pipi, ili marehemu aliyemfuata nyuma apate cha kutazama, abaki hukohuko. Tunaita kujikung'uta, na mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Jovelyn alilijua. Lakini tramu yake ilikuwa inakuja, na alijiambia kwamba mara moja tu haina neno.

Alipowasha taa ya jikoni, Tita Consing alikuwa amesimama mbele ya sinki akisugua sufuria.

"Inday," alisema bila kugeuka, "hii mnapikia chakula au mnachemshia lami?"

"Tulikuwa na mitihani, Tita."

"Mitihani haiunguzi wali."

Jovelyn akauchukua mkono wake wa kulia, uliojaa povu, akainama na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe. Ndivyo mkubwa anavyoamkiwa kwetu, awe hai au vinginevyo. Mkono haukuwa wa baridi sana.

Kila msichana kwetu ni Inday na kila mwanamke wa rika la mama ni Tita, lakini huyu alistahili jina hilo kuliko wengi. Consolacion Deocampo alikuwa amefanya usafi katika nyumba za watu wa Antwerp kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliingia kwa viza ya utalii, viza ikaisha, yeye akabaki. Tangu hapo hakuvuka mpaka wowote, hata ule wa Uholanzi ambao watu wa Antwerp huuvuka kwenda kununua jibini. Mji wenyewe aliujua kwa vyoo vyake. Jumapili alipika mchuzi wa kuku na papai bichi, akawalisha wanafunzi wote wa kwetu, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka bila bakuli la kwenda nalo. Kifua kilipoanza kumbana alisema ni gesi. Aliamini kwamba hospitali wangemwuliza karatasi kabla ya kumwuliza anaumwa wapi, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo. Alifia kwenye sofa ya bibi mmoja ambaye Tita alikuwa akimfanyia kazi, baada ya kumaliza kupiga pasi. Bibi huyo alifika mkeshani na kusema kwamba alipomkuta ameketi alijua mara moja kuna jambo, kwa kuwa miaka yote ile hakuwahi kumwona ameketi.

Mwili ulisafirishwa kwenda kwao kwa kibali cha kusafirishia maiti, chenye jina lake kamili na mihuri mizuri. Ilikuwa karatasi ya kwanza ambayo Ulaya ilimpa. Mwili ukazikwa Dumangas, binti yake Beverly akiwa mbele ya jeneza na mwavuli. Aliyebaki Antwerp alikuwa Tita mwenyewe.

Jovelyn hakumwogopa. Aliogopa mlango. Kibali chake cha ukaazi kilikuwa kinaisha Januari, maombi ya kipya yalikuwa ofisini, na kila mwanafunzi alikuwa na kisa cha mwenzake aliyefanya kosa dogo akarudishwa kwao kabla hajafunga sanduku vizuri. Kumweka chumbani mtu asiye na karatasi halikuwa kosa dogo. Askari wa mtaa alikuwa na kawaida ya kupita na kuangalia nani analala wapi. Huko nyumbani wadogo zake wawili walikuwa wakimsubiri amalize ili nao waanze chuo. Kila kengele ilipolia, Tita Consing, ambaye alikuwa na uzoefu, alijibanza nyuma ya pazia la bafuni bila kuambiwa.

Jovelyn alijaribu kurekebisha kosa. Alimpitisha sokoni, akampitisha maktaba ya chuo, akamwacha kwenye duka la mapazia lenye joto zuri. Mara zote Tita alirudi kabla yake. Mara moja alirudi na vitunguu.

Rodel, kijana wa Iloilo aliyeishi chumba cha pili, alimwamkia marehemu, akala alichopika, akasifu, kisha akamvuta Jovelyn kwenye korido.

"Umeleta maiti nyumbani."

"Najua."

"Kisa tramu."

"Rodel, nimesema najua."

"Sikiliza basi. Antwerp hatabaki hata umpeleke wapi. Mji mzima ameupiga deki yeye. Nani anataka kubaki kazini? Twende naye safari yetu ya likizo. Cologne, Praha, Vienna. Akipapenda mahali, tunachomoka."

"Na mpakani?"

"Nani anaangalia mpakani siku hizi?"

Wanaangalia, na Rodel alijua hivyo. Ila hawaangalii watu wote. Lakini tiketi zilikuwa zimeshanunuliwa tangu Oktoba, na Jovelyn hakuwa na wazo jingine.

Tita Consing alisimama njia nzima mpaka Cologne ingawa viti vilikuwa vitupu. Kondakta alipofika aliwatazama watatu wao.

"Na huyu?"

"Ni marehemu," Jovelyn alisema.

"Ametimiza miaka sitini na mitano?"

"Bado."

"Basi hana punguzo," kondakta alisema, akamkatia tiketi ya mtu mzima.

Kanisa kuu la Cologne lilimpendeza. Aliwasha mshumaa, akapiga magoti, akainua shingo kutazama madirisha, na Rodel akamkonyeza Jovelyn. Walitoka kwa mlango wa pembeni, hawakuaga, hawakugeuka nyuma, wakanunua karanga za sukari uwanjani na kuzila zote, kama desturi inavyotaka. Walipofika hoteli ya wanafunzi, Tita Consing alikuwa anawasubiri na mwavuli ambao Jovelyn aliusahau kanisani.

"Pazuri," alisema. "Ila vumbi la kule juu, sijui wanalifikiaje."

Kule Praha walimpoteza katika umati mbele ya saa kubwa ya mnarani inayotazamwa na watalii. Walikimbia, kwa kweli walikimbia, vijana wawili wazima wakimkimbia mwanamke wa makamo mwenye ndara. Ndani ya basi la jioni walimkuta amewawekea viti, begi moja kila kiti, na yeye amesimama karibu na mlango.

Hapo ndipo Jovelyn alipogundua kwamba Tita alikuwa na shughuli yake mwenyewe safarini. Kwa miaka mingi alikuwa akinunua kadi za picha kwenye duka moja karibu na stesheni ya Antwerp, akimtumia Beverly, na nyuma ya kila kadi aliandika kwamba ametembezwa na mabosi wake. Beverly alikua akijua kwamba mama yake ameiona Praha mara mbili. Sasa Tita alikuwa anakagua aliyoyaandika.

"Nilimwambia ngome iko upande huu wa mto," alisema, ameegemeza paji la uso kwenye kioo. "Kumbe ng'ambo. Nipige picha, Inday, umtumie. Mwambie nilikosea."

Jovelyn akampiga picha. Tita alitoka vizuri, kuliko hata jengo lenyewe. Jibu la Beverly lilikuja kabla basi halijatoka mjini: mama amekonda, mwambie afunge vifungo vya koti, na ngome haina neno.

Tangu siku hiyo safari ilimwia Jovelyn ngumu zaidi. Kutwa nzima mkono wake ulikuwa mfukoni ukipapasa kibali. Akimwona mtu yeyote wa sare, hata mfagiaji wa barabara, aligeuza njia. Na wakati huohuo alikuwa akimshika Tita kiwiko mahali penye barafu, akimnunulia soksi, akimwonyesha madaraja, huku akipima kila daraja kama linafaa kumwacha. Alijiona mtu mbaya. Alikuwa pia amechoka, na usingizi haukuja mpaka alipouweka mkono kwenye mfuko wenye kibali.

Vienna waliingia mkahawa wa zamani wenye meza za mawe. Mhudumu alikuwa mzee mwenye tai nyeusi. Alimvutia Tita Consing kiti, akangoja, na kwa kuwa kumsimamisha mzee yule ni utovu wa adabu, Tita akaketi.

Keki ya chokoleti ikaletwa, na kahawa yenye krimu juu, na glasi ya maji kwenye sinia la chuma. Tita alinyoosha miguu chini ya meza, akafumba macho.

"Kumbe magoti yanauma hata sasa," alisema, akacheka. "Muda wote sikujua. Ukisimama husikii."

"Kula, Tita."

"Nakula. Hapa pazuri, Inday. Nimekaa dakika ngapi sijui, na hakuna aliyeniita."

Rodel akampiga Jovelyn teke chini ya meza, akalipa, akatoka nje. Jovelyn alivaa koti polepole. Tita alikuwa anatazama magari ya farasi kupitia dirishani, na ukingo wa mdomo wake ulikuwa na krimu. Kilichobaki kilikuwa kutoka tu. Mlango ulikuwa hatua chache, mhudumu alikuwa ameugeuza mgongo, na kama kuna mahali duniani ambapo Tita Consing angeweza kuachwa kwa heshima basi palikuwa pale, kwenye kiti kile.

Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, kando ya sahani, kiganja chini. Jovelyn alifundishwa kabla hajaweza kusema kwamba humwachi mkubwa ameketi ukaondoka hivihivi. Mwili wake uliinama wenyewe. Akauchukua mkono, akaugusisha kwenye paji la uso.

"Mungu akubariki," Tita alisema, kama alivyosema kila Jumapili, akafuta mdomo na kuinuka. Mtu akikuomba baraka za safari humwachi aende peke yake. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akamshukuru mhudumu, akatoka naye.

Rodel aliwaona kutoka upande wa pili wa barabara. Alingoja Tita atangulie.

"Umemwamkia."

"Mkono ulikuwa pale mezani."

"Si ungejifanya huuoni."

"Wewe ungeweza?"

Rodel alilelewa na bibi yake. Alitia mikono mfukoni, wakaenda kituoni.

Treni ya kurudi ilisimama mpakani, kwenye kituo kidogo chenye theluji juu ya paa, na askari wawili wakapanda, mwanamume na mwanamke, vijana wenye adabu. Waliwapita watu wa kuteleza kwenye theluji na mbao zao. Waliipita familia yenye mbwa. Wakasimama mbele ya Jovelyn.

Mwanamke alikigeuza kibali mara mbili.

"Kinaisha."

"Nimeomba kipya. Risiti hii hapa."

Risiti ilimponyoka ikaanguka, na askari mwenyewe akainama kumwokotea. Alimrudishia kila kitu. Akatazama cha Rodel, akarudisha. Kisha akamgeukia Tita Consing, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa choo, mahali ambapo hamzuii mtu kupita.

"Hati zako, mama."

"Amekufa," Rodel alisema.

"Hiyo si hati."

Rodel akatafuta kwenye simu, akaonyesha picha ya kile kibali cha maiti, kwa kuwa waliochangia jeneza wote walitumiwa. Askari wa kiume alikisoma chote, bila haraka, huku abiria wa jirani wakiendelea na mikate yao.

"Hiki ni cha mwili," alisema. "Mwili uko wapi?"

"Dumangas."

"Umefika salama?"

"Ulifika."

"Basi kimeshatumika. Hakimhusu aliyesimama hapa." Alisema bila ubaya wowote, akiwa amesikitika kidogo. "Anasafiri na nani?"

Jovelyn aliinua macho. Tita Consing alikuwa amezitumbukiza mfukoni mikono yake yote miwili, mpaka chini kabisa, ili usionekane hata mmoja wa kumtia mtu majaribuni. Alizungumza kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya kumkumbusha mtu chumvi.

"Sema hunijui, Inday. Na usinitazame."

"Simjui," Jovelyn alisema.

Rodel alitazama viatu vyake. Askari wa kike akamshika Tita mkono wa juu ili asianguke kwenye ngazi, maana zilikuwa na barafu, na Tita akamshukuru. Mlango ukafungwa. Jovelyn alitazama kiti kilichokuwa mbele yake na hakugeuka dirishani, wala hakuaga. Yote yakawa yamefanyika kama wazee wetu wanavyotaka: umesimama mahali, marehemu amepata cha kumshughulisha, wewe umeendelea na safari. Na desturi ikafanya kazi. Antwerp jiko lilikuwa tupu, sufuria ikiwa inang'aa mahali pake, na chumba kilikuwa chepesi. Jovelyn aliona aibu. Chini ya aibu aliona nafuu, na ile nafuu ndiyo iliyomliza.

Kibali kipya kilitoka Januari, cha miaka miwili, picha ikiwa mbaya. Siku hiyohiyo Beverly aliandika kuuliza mama yuko wapi siku hizi.

"Alishuka njiani," Jovelyn akamjibu.

"Pazuri?"

Jovelyn aliizima simu, kwa kuwa hakuwa amegeuka kutazama.

Likizo ya Pasaka ilipofika alimwambia Rodel kwamba anakwenda Vienna, na kwamba njia ya kupitia mpaka ule ndiyo fupi. Haikuwa fupi. Rodel hakumbishia, alimpa tu soksi nene mbili za kike ambazo alisema zilikuwa za punguzo.

Reli ilikuwa inatengenezwa, na abiria wote walishushwa kwenye kituo kile wangoje treni nyingine. Chumba cha kungojea kilikuwa kisafi kuliko chumba chochote ambacho Jovelyn alikuwa amekiona Ulaya. Vioo havikuonekana kama vipo. Sakafu ilikuwa inang'aa kiasi kwamba watu waliingia kwa vidole vya miguu. Nyuma ya kaunta askari wanne walikuwa wakinywa kahawa, na Tita Consing alipofika hapo na deki na ndoo waliinua miguu kwa pamoja, bila kukatisha mazungumzo yao.

Mama mmoja mwenye mtoto aliuliza kaunta ni nani yule.

"Anangoja uamuzi," askari alisema. "Ubalozi wao unasema ameshapokelewa kwao na kaburi analo, kwa hiyo hawawezi kumpokea mara mbili. Na sisi hatuwezi kumwachia aingie."

"Tangu lini?"

"Krismasi. Lakini hana usumbufu. Tulimwambia akae, kuna mabenchi. Haketi."

Jovelyn alikuwa amesimama katikati ya chumba na soksi mkononi. Tita akaja kwa kurudi kinyumenyume, akipiga deki mstari kwa mstari, mpaka mgongo wake ukamgusa. Akageuka. Na kwa kuwa hakutegemea, na kwa kuwa alifurahi, alisahau kwamba hawajuani. Aliufuta mkono wa kulia kwenye sweta na kuunyoosha kidogo mbele, kiganja chini.

Askari wa kaunta akainua kichwa.

"Mnafahamiana?"

Kibali kilikuwa mfukoni, kipya, cha miaka miwili. Hakuna mtu aliyekiomba.

"Hapana," Jovelyn alisema. Lilitoka haraka kuliko mara ya kwanza.

Mkono wa Tita Consing ulibaki hewani kitambo kidogo. Kisha akaugeuza, akaunyoosha kidole, akaonyesha sakafu iliyolowa.

"Angalia, panateleza," alimwambia, kwa lugha ya wale askari, kama anavyoambiwa abiria yeyote.

"Ahsante," Jovelyn alisema. Aliziweka soksi kwenye benchi, akapita pembeni, kando ya ukuta, ili asiharibu palipokwisha kupigwa deki. Ndani ya treni alimwandikia Beverly kwamba amemwona mama, kwamba alipo ni pazuri, pasafi sana. Beverly alishukuru, akauliza kama siku hizi angalau wanamwacha akae.